Photoshop na GIMP hazienei kwenye skrini baada ya apdeti: anza hapa kabla hujafuta programu

Programu yako ya kuhariri picha, Photoshop au GIMP, imejiapdeti usiku. Asubuhi ukiifungua, kitufe cha OK kimezama chini ya taskbar, paneli ya Layers inaonekana nusu, na mteja wa picha za pasipoti amesimama kaunta. Cha kwanza: usifute programu. Kuifuta na kuiweka upya kunakula bando, na mara nyingi inarudi vilevile, kwa sababu kilichobadilika si programu kuharibika bali ni namna inavyoipima skrini yako.

Laptopu nyingi zinazofanya kazi kwenye studio za Moshi na Arusha ni za mtumba: EliteBook, Latitude au ThinkPad za inchi 12 hadi 14, na nyingi zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Adobe, wenye Photoshop, wanataja 1280 kwa 800 kuwa kiwango cha chini cha skrini kwa Photoshop, tena ikiwa kwenye ukubwa wa 100%. Kwa hiyo kwa urefu umeshapungukiwa pikseli 32 kabla hujagusa kitu. Programu za zamani zilivumilia. Aliyezoea CS6, toleo la zamani la Photoshop ambalo vitufe vyake havikukua hata Windows ikiwekwa 150%, akihamia matoleo ya sasa anaona kila kitu kimenenepa, kwa sababu matoleo haya yanasoma kipimo cha Windows na kujikuza yenyewe.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: jua ni Windows au ni programu

Fungua Notepad na Chrome. Kama nazo zimekuwa kubwa kuliko kawaida, shida ni ya Windows: nenda hatua ya 2. Kama ziko sawa na programu ya picha peke yake ndiyo inayosumbua, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: draiva ya skrini

Bonyeza Win+X kisha M, fungua Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter badala ya jina la Intel, AMD au NVIDIA, apdeti ya Windows imekuachia draiva ya dharura, na ndiyo maana picha imevutika na sehemu ya Display resolution huenda haikubali kubadilishwa. Nenda Windows Update, Advanced options, Optional updates, uchukue draiva iliyoorodheshwa humo. Kama jina sahihi lipo lakini shida ilianza siku draiva ilipobadilika, fungua Properties, kichupo cha Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Laptopu iwe na chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii utaongeza kazi ya pili. Na usipakue draiva kwenye tovuti zinazojiita "driver updater". Tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu inatosha.

Hatua ya 3: resolution na scale

Bonyeza kulia mahali patupu kwenye desktop, fungua Display settings. Display resolution iwe ile yenye neno Recommended. Kuishusha ili "vitu vienee" hakusaidii: pikseli zinapungua, nafasi inapungua, na picha inakuwa na ukungu. Mtu anayehariri picha asiishushe kabisa.

Kinachopunguzwa ni Scale, yaani asilimia ambayo Windows inakuza maandishi na vitufe. Hesabu yake ni nyepesi, unagawanya pikseli kwa kipimo. Skrini ya 1366 kwa 768 kwenye 125% inabaki na nafasi ya takriban 1093 kwa 614. Ya 1920 kwa 1080 kwenye 150% inabaki 1280 kwa 720, maana yake hata laptopu ya Full HD inaweza kushindwa kuibeba Photoshop. Kwa 1366 weka 100%, hakuna mjadala. Kwa Full HD ya inchi 14 weka 125%, unapata 1536 kwa 864, na macho hayateseki. Usitumie Custom scaling kuandika namba kama 110. Maandishi ya baadhi ya programu yanakaa vibaya, na namba hiyo inatumika kwa kila skrini utakayochomeka.

Ukishabadilisha, sign out uingie tena. Programu iliyokuwa wazi haitajipima upya ipasavyo.

Hatua ya 4: kulirudisha dirisha lililotoka nje

Dirisha likiwa wazi lakini huwezi kufika kwenye kichwa chake au kwenye OK, bonyeza Alt+Space, kisha M, kisha mshale wa juu. Dirisha litapanda hata kichwa chake kikipita ukingo wa skrini, jambo ambalo mausi hairuhusu. Ukiona OK, bonyeza Enter ili dirisha libaki hapo. Kama Move imefifia, dirisha limekuzwa hadi mwisho: chagua Restore kwanza. Kama Alt+Space inafungua kitu kingine, kuna programu iliyojimilikisha vitufe hivyo; shika Shift, bonyeza kulia ikoni kwenye taskbar, na menyu ileile itatokea.

Dirisha refu sana ambalo unalihitaji mara moja tu lina dawa ya haraka: kwenye Display settings weka Display orientation kuwa Portrait. Skrini inasimama, urefu unakuwa 1366, unageuza shingo, unabonyeza OK, unarudisha Landscape. Inachekesha kuitazama, lakini inafanya kazi.

Kama studio ina TV ya kuonyeshea wateja na ilichomolewa, programu inaweza kufunguka kule ambako TV ilikuwa. Win+P, chagua PC screen only. Ikigoma, chagua dirisha hilo kwenye taskbar na ubonyeze Win+Shift+mshale wa kushoto.

Hatua ya 5: kichupo cha Compatibility

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo soma yote kabla ya kubonyeza.

Funga programu kabisa. Angalia Task Manager kuhakikisha haijabaki ikifanya kazi chinichini, kwa sababu mpangilio huu unasomwa programu inapowaka tu. Bonyeza kulia shortcut yake, Properties, Compatibility, Change high DPI settings (DPI hapa ni kipimo cha ukuzaji wa skrini).

Kabla ya kuweka tiki yoyote, tazama kama tayari ipo. Kwenye laptopu za mtumba, au zilizopita kwa fundi, ni kawaida kukuta tiki ya zamani iliyowekwa kutibu tatizo la toleo lililopita, na sasa ndiyo inayoleta tatizo jipya. Iondoe, ujaribu programu bila chochote. Kama sehemu hiyo imefifia na haikubali kuguswa, tiki iliwekwa kwa watumiaji wote: rudi nyuma, bonyeza Change settings for all users, uitoe huko.

Dirisha hilo lina tiki mbili, na watu wanazichanganya. Ya juu, Program DPI, inahusu ni wakati gani programu ipime skrini: ulipoingia Windows au inapofunguliwa. Inafaa kwa anayechomeka na kuchomoa TV katikati ya kazi. Huyo achague I open this program. Asiye na skrini ya pili aiache.

Ya chini, Override high DPI scaling behavior, ndiyo yenye machaguo matatu:

Application ina maana Windows isiivute programu. Programu ya zamani isiyojua scale itachorwa kwa 100%: inakuwa ndogo lakini inaenea. Hili ndilo chaguo la kwanza kujaribu kwa programu za zamani za kupanga albamu na kuchapisha pasipoti. Kwa Photoshop ya sasa usitegemee mabadiliko, maana inajikuza yenyewe. Utabonyeza Apply mara kumi bila kuona tofauti, na si kwamba umekosea.

System ina maana Windows iidanganye programu kwamba skrini ni ya 100%, kisha iivute kama picha. Wengi huichagua wakidhani itapunguza dirisha. Haipunguzi. Kwenye 125% programu itaamini ina 1093 kwa 614 tu. Kwa anayehariri picha kuna hasara kubwa zaidi: ukitazama picha kwa 100%, pikseli moja ya picha si tena pikseli moja ya skrini. Unaona ukungu ambao haumo kwenye faili, unaongeza sharpening, na picha ikitoka kwenye printa nywele zinakuwa kama waya. Usihukumu ukali wa picha kwenye programu yenye tiki ya System.

System (Enhanced) ni hiyohiyo, ila maandishi ya baadhi ya programu yanakuwa makali. Ukiona vitufe vimepishana, itoe.

Jambo la mwisho la kichupo hiki ndilo linaloeleza kwa nini tiki iliyofanya kazi mwaka mzima imekufa ghafla. Windows inahifadhi mpangilio huu kwa njia kamili ya faili la programu. Toleo jipya la Photoshop likija kwenye folda yenye mwaka mwingine, au ukitoka folda ya GIMP 2 kwenda GIMP 3, kwa Windows hilo ni faili jingine lisilo na mpangilio wowote. Weka tiki upya, na hakikisha shortcut unayobonyeza inaelekea toleo jipya. Open file location itakuonyesha. Aliyechukua GIMP kutoka Microsoft Store hana kichupo hiki kabisa. Napendelea faili la kusakinisha kutoka gimp.org kwa sababu hiyo moja.

Utakutana pia na maelekezo ya kuhariri registry (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows) yenye neno PreferExternalManifest. Yalikuwa ya zama za CS6. Yaache.

Hatua ya 6: ndani ya programu

Photoshop: Ctrl+K, Interface. UI Scaling iwe 100% badala ya Auto, UI Font Size iwe Small, na uondoe tiki ya Scale UI To Font. Funga, fungua tena. Kisha Window, Workspace, Reset Essentials, ili paneli zilizokimbia zirudi. Ukiwa unaretachi, Tab inaficha paneli zote na F inabadilisha namna skrini inavyojazwa. Kwenye 768 hizi mbili zina thamani kuliko mpangilio wowote. Kufuta mipangilio yote kwa kushika Ctrl+Alt+Shift wakati inawaka kuwe mwisho kabisa, na kabla yake hifadhi Actions zako (mifuatano ya hatua uliyorekodi) kwenye faili la .atn. Action ya kupanga pasipoti nane kwenye karatasi moja si kitu cha kupoteza asubuhi ya wateja.

GIMP: shida yake kubwa ni upana. Kila gati la pembeni (dock, safu inayobeba paneli) lina upana wa chini, na vichupo vyenye maandishi vinalisukuma dirisha hadi lipite skrini. Bonyeza mshale mdogo kwenye kona ya gati, Tab Style, uchague Icon, kisha lisogeze liwe jembamba. Hakikisha Single-Window Mode imewashwa kwenye menyu ya GIMP iitwayo Windows. Kama mambo yamevurugika kabisa, Edit, Preferences, Interface, Window Management, Reset Saved Window Positions to Default Values, kisha uiwashe upya. Ikiwa hata Preferences hazionekani, funga GIMP, andika %APPDATA%\GIMP kwenye File Explorer, ingia folda ya toleo lako, ulibadilishe jina faili la sessionrc. GIMP ikiwa wazi kazi hiyo ni bure, maana ikijifunga inaliandika tena.

Lightroom Classic: dirisha likikosa kichwa na vitufe vya kufungia, si tatizo la skrini. Bonyeza Shift+F mpaka lirudi.

TV inayokata kingo

Ukiona dirisha linaenea kwenye laptopu lakini TV inakata pande zote nne, usiguse Windows. TV yenyewe inaikuza picha. Tafuta kwenye menyu ya picha ya TV: LG huita Just Scan, Samsung huita Screen Fit au Fit to Screen. Na TV ya 4K ikichomekwa, tazama Scale yake peke yake kwenye Display settings, maana Windows hupenda kuipa 300%, na Photoshop ukiihamishia huko itajaza TV nzima kwa vitufe.

Kuzuia isitokee msimu wa kazi

Kwa studio ya Moshi, Desemba si mwezi wa kuapdeti: watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, harusi na ubarikio zinafuatana. Nenda Windows Update, Pause updates. Muda wake unafika wiki 5, kwa hiyo ukiiweka mwishoni mwa Novemba inavuka sikukuu. Kwenye Creative Cloud, programu ya Adobe inayosakinisha Photoshop, zima Auto-update, na unapohamia toleo jipya la mwaka, kwenye Advanced options ondoa tiki ya Remove previous version. Toleo la zamani linabaki pembeni likiwa linafanya kazi, na mteja akiwa kaunta unalifungua hilo.