Jinsi ya Kufanya Safari ya Siku Moja ya Kitalii Kutoka Tokyo: Mwongozo kwa Wasafiri wa Mwanza

Watu wa Mwanza wanaofika Japani kwa kawaida hawaendi huko kutalii. Yupo mfanyabiashara anayefuata magari yaliyotumika, yupo mhandisi au muuguzi aliyepelekwa mafunzoni, yupo mwanafunzi, na yupo mjumbe wa mkutano kama ule wa TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama mwezi Agosti 2025. Wote hawa hujikuta katika hali moja: ratiba imejaa, imebaki siku moja tu isiyo na kazi, na hawajui waitumie vipi. Safari ya basi yenye mwongoza watalii, inayoondoka Tokyo asubuhi na kurudi jioni, ndiyo njia iliyo rahisi zaidi kwa mtu asiyejua Kijapani kuuona upande mwingine wa nchi hiyo. Hata hivyo, ni lazima msafiri atambue mapema kwamba anachokinunua hasa ni muda, na kwamba safari nzuri ni ile inayompa saa za kutosha mahali alipopafuata, hata kama tangazo lake lina majina machache.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kusoma ratiba kwa kalamu mkononi. Mlima Fuji uko umbali wa kilomita 100 hivi kusini-magharibi mwa Tokyo, na Nikko, mji wa milimani wenye mahekalu ya kale, iko mbali kidogo zaidi upande wa kaskazini, kwa hiyo basi hutumia saa mbili au zaidi kwenda, na kiasi hicho hicho au zaidi kurudi. Safari ya saa kumi ikiondolewa saa hizo za barabarani, ikaondolewa chakula cha mchana na vituo vya kujisaidia, hubaki saa nne au tano. Tangazo likikuahidi Fuji, ziwa, kijiji cha kale, bustani ya maua na kituo cha maduka kwa siku hiyo hiyo moja, gawanya saa hizo nne kwa vituo vyote uone kila kimoja kinapata dakika ngapi. Ushauri wangu ni kuchagua safari yenye vituo viwili, au vitatu kwa wingi, na kuiepuka ile inayotenga saa nzima kwa ajili ya ununuzi huku ikitenga dakika 30 kwa hekalu lenye historia ya miaka 400.

Baada ya hapo, liache tangazo uitazame kalenda. Wengi wetu huchagua Fuji kwa sababu ndiyo picha ya Japani tuliyoikuta kwenye vitabu vya jiografia, na si kosa: ni volkeno yenye kimo cha mita 3,776, iliyolipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1707, na tangu mwaka 2013 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tatizo ni mawingu. Kuanzia mwezi Juni, msimu wa mvua unapoingia, hadi mwishoni mwa majira ya joto, mlima huu hufichwa siku nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kufika chini yake kabisa asiuone. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye anga safi, na katika msimu wowote asubuhi huwa bora kuliko alasiri. Kampuni haikurudishii fedha kwa sababu mlima umejifunika, wala haina haja ya kufanya hivyo, kwa kuwa imekupeleka ilikosema itakupeleka. Basi anayesafiri kati ya Juni na Agosti aende Nikko, na anayesafiri wakati wa baridi aende Fuji.

Safari nyingi za Fuji hupanda kwa basi hadi Kituo cha Tano, mahali ubavuni mwa mlima ambapo barabara ya magari huishia, kilicho kwenye mita 2,300 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya kimo cha jiji la Mwanza kutoka usawa wa bahari. Hapo baridi ni kali hata mwezi Mei, na theluji inaweza kusababisha barabara ifungwe, nayo kampuni ikakupeleka mahali pengine palipotajwa kwenye masharti. Wakati wa baridi mimi ningechagua safari inayokaa zaidi kando ya Ziwa Kawaguchi, kwa kuwa mlima huonekana vizuri zaidi ukiwa mbali nao kidogo kuliko ukiwa juu ya ubavu wake. Ifahamike pia kwamba kupanda hadi kileleni si sehemu ya safari hizi. Msimu wa kupanda ni kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, na unahitaji maandalizi yake.

Kuhusu Nikko nitasema zaidi, kwa sababu ndiko mwongoza watalii anakostahili malipo yake. Huko ndiko alikozikwa Tokugawa Ieyasu, mwanzilishi wa utawala wa kishoguni, yaani wa watawala wa kijeshi, ulioiongoza Japani kuanzia mwaka 1603 hadi mwaka 1868. Alifariki mwaka 1616, na hekalu la Toshogu lilijengwa mwaka uliofuata, kisha mjukuu wake Iemitsu akalijenga upya kwa fahari kubwa mwaka 1636. Karibu kila ubao wa majengo hayo umechongwa na kupakwa rangi au dhahabu. Ukiingia peke yako utaona mapambo mengi yanayochosha macho. Ukiingia na mtu anayejua, utaelewa kwa nini nyani watatu maarufu, mmoja akiziba macho, mwingine mdomo na mwingine masikio, wamechongwa kwenye zizi la farasi mtakatifu, na kwamba wao ni sehemu tu ya mfululizo wa michongo inayosimulia maisha ya mwanadamu tangu utotoni. Muulize kiongozi wako kama muda unaruhusu kupanda ngazi, zaidi ya 200, zinazofika kwenye kaburi lenyewe, kwa maana vikundi vingi huishia chini.

Safari kamili ya Nikko huendelea hadi Ziwa Chuzenji, lililo mita 1,269 juu ya usawa wa bahari, na Maporomoko ya Kegon yenye urefu wa mita 97. Barabara ya kupanda na ile ya kushuka, ziitwazo Irohazaka, zina kona 48 kwa jumla, na kila kona ina herufi yake ya Kijapani cha kale. Mwenye kuchafukwa na moyo ndani ya gari ameze dawa kabla ya kuondoka na aombe kiti cha mbele. Mwezi Oktoba, majani yanapogeuka rangi, uzuri wa milima hii hauelezeki, lakini foleni ya magari nayo huwa ndefu sana. Ikiwezekana safiri siku ya kazi badala ya Jumamosi au Jumapili.

Hakone, eneo la milima lililo karibu na Fuji, huuzwa sana pamoja nayo, na kivutio chake kikubwa katika matangazo ni meli za Ziwa Ashi. Mtu aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Victoria, aliyevuka kwenda Kamanga au Ukerewe mara nyingi, hana sababu ya kuichagua safari kwa ajili ya meli hiyo, ingawa mandhari yake ni mazuri. Sababu ya kwenda Hakone ni Owakudani, bonde la volkeno ambako mvuke wenye harufu ya salfa hutoka ardhini mbele ya macho yako, na mayai huchemshwa katika maji ya moto ya bondeni mpaka maganda yanakuwa meusi. Kwa kawaida watu hufika huko kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ambavyo husimamishwa upepo au gesi inapozidi. Mwaka 2015 vilifungwa kwa muda mrefu kutokana na hali ya volkeno. Wenye pumu, wenye maradhi ya moyo na wajawazito wanashauriwa wasifike bondeni.

Kamakura, penye sanamu kubwa ya shaba ya Buddha yenye kimo cha zaidi ya mita 11, haihitaji basi la watalii: treni ya kutoka Tokyo hufika kwa muda wa saa moja hivi. Vivyo hivyo, aliyepangiwa Osaka anaweza kwenda Kyoto au Nara kwa treni ya kawaida chini ya saa moja, akamlipa kiongozi wa kutembea naye kwa miguu akiwa huko huko.

Sasa tuje kwenye kukata tiketi. Fanya hivyo ukiwa bado Mwanza, angalau wiki mbili kabla, kupitia tovuti ya kampuni yenyewe au wakala anayeaminika. Utahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za fedha za simu inaweza kufanya kazi, ila ijaribu mapema na uweke kiasi kinachozidi bei kidogo, kwa kuwa viwango vya kubadilisha fedha hupanda na kushuka. Bei ya safari yenye chakula cha mchana mara nyingi huanzia yeni elfu kumi hivi kwa mtu mzima. Hakikisha lugha ya kiongozi ni Kiingereza, na uangalie kama ni mtu halisi au ni sauti iliyorekodiwa, kwa sababu baadhi ya safari za bei ya chini hukupa kifaa cha masikioni tu. Tiketi za kuingia kwenye mahekalu nazo, je, zimo ndani ya bei? Swali hilo dogo limewagharimu wengi.

Soma masharti ya kughairi neno kwa neno. Masharti ya kawaida ya kampuni za utalii za Japani kwa safari za siku moja huiruhusu kampuni kukata asilimia 20 ya malipo ukighairi kuanzia siku ya 10 kabla ya safari, asilimia 30 kuanzia siku ya 7, asilimia 40 siku moja kabla, asilimia 50 siku yenyewe, na malipo yote usipotokea. Kampuni nayo inaweza kuifuta safari iwapo watu hawajatimia, na kwa safari ya siku moja inapaswa kukuarifu zaidi ya siku tatu kabla. Kwa hiyo fungua barua pepe yako kila siku katika wiki hiyo. Tarehe za kuepuka ni mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti, na siku za mwaka mpya, ambapo Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi.

Suala la chakula lishughulikiwe wakati huo huo wa kukata tiketi, maana chakula cha kikundi huandaliwa kabla. Kwa Mwislamu haitoshi kuuliza kama kuna nyama ya nguruwe. Mafuta ya nguruwe huingia kwenye supu, na pombe ya mchele huingia kwenye michuzi mingi. Andika ombi lako waziwazi, na usipopata jibu la kuridhisha chukua safari isiyo na chakula, ubebe matunda, mayai ya kuchemsha na wali wenye samaki kutoka dukani baada ya kusoma viungo kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Ukifika upande wa Fuji, ulizia hoto, tambi pana za ngano zinazopikwa na maboga katika mchuzi wa miso, yaani soya iliyochachushwa. Mchuzi wake mzito ni faraja kubwa siku ya baridi, ila uliza kwanza kama umetiwa nyama.

Siku ya safari, hatari kubwa kuliko zote ni saa. Tiketi ikiandika 8:00, maana yake ni saa mbili kamili asubuhi, na basi litaondoka saa mbili kamili hata kama viti vimebaki vitupu. Hakuna kusubiri lijae kama daladala. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita, kwa hiyo hakikisha simu yako imehama na kufuata saa ya huko kabla ya kuweka kengele. Safari nyingi huanzia Shinjuku, stesheni inayopitisha mamilioni ya abiria kwa siku na yenye milango zaidi ya 200, ambamo mgeni anaweza kuzunguka nusu saa bila kutoka nje. Nenda ukapaone mahali pa kukutania jioni ya siku iliyotangulia, piga picha ya jengo lililo karibu, na asubuhi ufike dakika 30 kabla.

Vaa nguo za kuvuliwa moja baada ya nyingine na viatu vyepesi kuvua, kwa kuwa katika baadhi ya majengo ya mahekalu huingii na viatu, na soksi zako zitaonekana na wote. Badilisha shilingi kuwa dola kabla ya kuondoka Tanzania, kisha uzibadilishe kuwa yeni uwanja wa ndege, ubebe na sarafu, kwa sababu maduka madogo ya milimani bado hupenda fedha taslimu. Beba mfuko wa taka zako mwenyewe. Mapipa ni adimu na kutupa ovyo ni aibu kubwa. Kiongozi hapewi bakshishi, na akikataa fedha yako asidhaniwe kuwa anakudharau. Kila basi linaposimama, yeye hutaja dakika za kurudi: ziandike, na ukumbuke namba ya basi, kwani maegesho huwa na mabasi mengi yanayofanana.

Wakati wa kurudi usiamini saa iliyoandikwa kwenye tangazo, hasa jioni ya Jumapili, ambapo barabara kuu za kuingia Tokyo hujaa na basi linaweza kuchelewa saa moja au mbili. Usipange ndege, kikao wala miadi ya chakula usiku huo. Uliza pia mapema kama basi litakushusha mahali lilipokuchukua, kwa maana mara nyingi hushusha abiria kwenye stesheni nyingine kabisa, na uwe na karatasi yenye jina na anwani ya hoteli yako kwa Kijapani, iliyoandikwa na mhudumu wa mapokezi asubuhi ile, ili umwonyeshe dereva wa teksi au askari wa kituo kidogo cha polisi kilicho jirani na stesheni.