Kula kabla njaa haijafika

Kama unajiandaa kwa safari ndefu ya baiskeli ya kuchangisha pesa za hisani, weka kengele ya simu ilie kila dakika 30 tangu unapoondoka. Ikilia, kula, hata kama husikii njaa: ndizi moja mbivu, au kipande cha ngwaci (kiazi kitamu) kilichochemshwa, na mafunda machache ya maji. Misuli hutegemea wanga uliohifadhiwa mwilini, na akiba hiyo haitoshi siku nzima ya kukanyaga pedali. Ukingoja njaa, miguu huwa imeshalegea, na chakula huchukua muda kabla hakijakusaidia. Wengi huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina kama 25, kwa hiyo hesabu inatosha vizuri.

Mbinu hii hushindwa mlimani. Ukitoka Nairobi kwenda Limuru barabara hupanda kwa muda mrefu, damu nyingi iko miguuni na tumbo hukataa chakula. Kula kabla mlima haujakaza; kengele ikikukuta katikati, kunywa maji tu. Tena, tafadhali, usionje chakula kipya siku yenyewe. Kianze kwenye mazoezi ya Jumapili, wiki kadhaa mapema.