Namna ya kukaa na mzee aliyewazika wenzake wote

Kazi yangu mashua. Nachukua wageni Forodhani, hapa mjini Zanzibar, nawapeleka kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa. Asili yao Ushelisheli. Wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919 kama zawadi, na wale wakubwa wameandikwa umri wao mgongoni kwa rangi ya buluu. Mgeni akishasoma mia na kitu, huinua kichwa akaniuliza swali lile lile: wewe ungependa kuishi hivyo? Wengi wao wangependa. Mimi huwajibu kwa mzaha, maana bakshishi bado haijatoka. Jioni narudi zangu mtaani Malindi, navua viatu mlangoni, na chumba cha mbele yupo babu yangu mzaa baba, miaka tisini na saba, anauliza leo samaki changu wameuzwa bei gani.

Nakaa naye tangu tulipomzika baba yangu. Ndiyo, babu alimzika mwanawe. Watu wa mtaani huniuliza ninawezaje, kwa sababu siku hizi karibu kila nyumba ina mzee wake wa hivyo, na hakuna aliyetufundisha. Haya ndiyo ninayowaambia.

Umri wake uujue wewe kabla hajakuuliza karani

Mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ilipoanza Pencheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, nilimbeba babu kwenye teksi tukaenda kujiandikisha. Karani akatazama kitambulisho, akatazama babu, akasema huyu hajafika. Kitambulisho kilisema kazaliwa 1950. Aliyekiandika zamani zile alikuwa na haraka, na babu hajui kusoma herufi za kizungu. Baba yangu kazaliwa 1955. Kwa hesabu ya karani yule, babu alimzaa akiwa na miaka mitano.

Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri wao unautafuta kwenye matukio, na tukio moja halitoshi. Tafuta mawili au matatu yanayokubaliana. Usimuulize "ulizaliwa mwaka gani", atakutajia chochote umwache apumzike. Muulize alikuwa anafanya nini. Babu anaikumbuka sherehe ya mwaka 1936, Sultani wetu, Sayyid Khalifa bin Harub, alipotimiza miaka 25 ya kutawala. Anasema alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani na anasoma juzuu ya amma. Basi ni mtoto wa miaka saba au minane. Mgomo mkubwa wa bandarini wa 1948 alikuwa hamali pale pale, kijana, hajaoa. Vita vya Ng'ombe, zile ghasia za wakulima za 1951, vimemkuta na mke mmoja. Ukizipanga hizo zinakuja 1928, zaidi au pungufu mwaka mmoja. Nikayaandika kwenye karatasi, sheha, kiongozi wetu wa mtaa, akatia mhuri, tukazungushwa miezi saba, wakakubali. Yale ya "njoo kesho" yote siyasemi hapa.

Karatasi ile iweke hata kama hudai pencheni. Daktari ataitaka, na siku moja utaitaka wewe.

Mwili

Huku nitapita haraka, maana mengi yake ni kazi ya mikono tu.

Ondoa mabusati madogo na mikeka iliyokunjika pembe. Mzee wa umri huu akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi ndiyo mwanzo wa kutoinuka tena. Taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha; umeme wa taa moja ni rahisi kuliko spitali. Ukuta wa choo tia chuma cha kushikilia, na kitanda kiwe cha kimo cha goti lake.

Akishakuwa wa kulala tu, mgeuze kila saa mbili, usiku pia, mpeane zamu. Ukiona wekundu usioondoka kwenye matako, kisigino au mgongo, kidonda cha kulalia kimeshaanza na hujachelewa. Ukikiona kimefunguka umechelewa.

Maji mpe kwa saa, usingoje aombe. Kiu ya mzee hudanganya, mwili unakauka naye anasema ameshiba. Babu maji matupu hayataki, kwa hiyo nampa chai ya mchaichai kikombe kidogo kidogo, na uji. Boko boko, ile ngano iliyopondwa na nyama, anakula vizuri kuliko mimi, kwa kuwa halitafunwi. Mkalishe wima anapokula, na asilazwe mara tu akimaliza.

Macho usiyaachie. Kuna kobe maarufu anaitwa Jonathan, kisiwa cha Saint Helena, anayekadiriwa kuzaliwa karibu mwaka 1832. Mtoto wa jicho ukamtia upofu, pua nayo ikaacha kunusa, ikabidi watu wamlishe kwa mkono. Wageni nikiwahadithia huyo wanasikitika. Lakini mtoto wa jicho kwa binadamu hutolewa, hata kwa mzee wa miaka tisini. Babu alitolewa akiwa na tisini na moja, na neno lake la kwanza alipofunguliwa bendeji lilikuwa kwangu: "Kumbe umenenepa hivi?"

Masikio vile vile. Mwaka mzima tulisema babu akili zimeanza kuondoka, ukimuuliza hili anajibu lile. Nesi mmoja akamchungulia sikioni, akasafisha, ikatoka nta kama kipande cha haluwa. Akili zikarudi siku hiyo hiyo. Usichokoe mwenyewe kwa njiti, mpeleke.

Na hili lishike zaidi ya yote katika mambo ya mwili: mzee akichanganyikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huo unaweza kuwa uzee. Akichanganyikiwa baina ya Jumatatu na Jumatano, anaumwa. Kuna siku babu aliamka akanishika mkono akaniamrisha niteremke chini ya meli, magunia ya karafuu yamebaki arubaini na winchi imekwama. Nilicheka. Shangazi naye akacheka. Jioni akawa hatujui. Spitali wakapima mkojo: maambukizi. Baada ya siku tano za dawa akauliza nani kamvalisha fulana ile. Sikucheka tena.

Wenzake

Sasa hapa ndipo penyewe. Hayo ya juu utafundishwa na nesi yeyote, na hili nililijua peke yangu, tena kwa kukosea.

Zamani bandarini babu hakuitwa jina lake. Waliitana kwa majina ya kazi, naye alikuwa Winchi, kwa sababu alikuwa akinyanyua peke yake gunia la kunyanyuliwa na wawili. Jina hilo mimi nililisikia mara ya kwanza nimeshakuwa na watoto watatu. Nikamuuliza mbona hakuna anayemwita hivyo. Akanambia: "Nani aniite? Bibi yako kafa. Wa gati wote wamekufa. Nyinyi mnaniita babu."

Nikakaa na neno lile. Mgeni mmoja wa Kifaransa alinihadithia habari za mwanamke wa kwao, Jeanne Calment, aliyekufa mwaka 1997 na miaka 122, hakuna binadamu mwengine aliyethibitishwa kufika hapo. Alikuwa na binti mmoja tu, akafa 1934. Mjukuu wake naye mmoja tu, akafa 1963. Huyo mama akaishi miaka mingine thelathini na nne. Mgeni alinihadithia kama habari ya kufurahisha. Mimi nilihesabu miaka ile thelathini na nne mpaka tukafika gatini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa naye na daftari, muulize majina ya wote aliofanya nao kazi, aliosoma nao chuo, aliocheza nao ngoma. Usiseme "waliobaki", sema wote. Wengi atakwambia marehemu, na kila marehemu ana kisa, msikilize, usimkatize kwa kutazama simu. Halafu chukua yale majina ambayo hana hakika nayo, uyatafute. Mimi nilipata majina ishirini na sita, sita hana hakika, na katika sita nikampata mmoja hai. Alikuwa Maskati, Oman. Alivuka baada ya Mapinduzi, akaoa huko, wajukuu zake Kiswahili wanakisikia lakini hawakijui vizuri. Bandarini wakimwita Kijiti.

Siku ya kwanza niliwapigia kwa simu ya picha. Haikufaa, babu alikuwa anaitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo kile kidogo anashangaa. Tukahamia ujumbe wa sauti. Huo ndio unaofaa kwa wazee: anasema taratibu, hakuna wa kumkimbiza, na akitaka kurudia kusikiliza unambonyezea. Mpe simu mdomoni, mwambie mwenzake anasikiliza, kisha nyamaza. Ujumbe wa kwanza wa Kijiti ulikuwa sekunde nane: "Winchi! Zile shilingi zangu mbili za 1947 ziko wapi?"

Babu alicheka mpaka nikaogopa. Kisha akajibu kuwa alizilipa, na shahidi yupo. Shahidi ni marehemu. Wakagombana juu ya shilingi mbili zile miezi kumi na minne, kila siku baada ya alasiri, na katika miezi hiyo babu hakuniambia hata mara moja kwamba mgongo unamuuma.

Ukikosa mtu wa rika lake kabisa, tafuta mtu aliyeijua kazi yake. Mvuvi mpeleke kwa wavuvi, mkulima muekee mche wa mkarafuu kwenye kopo autukane kwa kutokua. Watoto wadogo wanasaidia, ila usijidanganye kuwa wanatosha. Kwa mjukuu mzee ni babu tu, hawezi kuwa Winchi.

Mwenzake akifa

Ujumbe ulikuja Alkhamisi alfajiri kutoka kwa mjukuu wa Kijiti. Sikumwambia babu. Nilisema simu imeharibika. Wiki ya pili nikasema mtandao wa Oman una matatizo. Wiki ya tatu akaacha kuuliza, nikadhani kasahau, nikajisifu moyoni.

Usiku mmoja nampaka mafuta miguuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kijiti kafa lini?"

Nikamwambia.

"Wiki tatu umeninyima kumsomea."

Siku mbili hakusema na mimi. Basi nimejifunza, na wewe usirudie kosa langu. Mwambie. Mwambie mchana, ameshakula na ameshasali, mtu mzima mwengine awepo chumbani. Tumia neno lenyewe, kafariki. Usizunguke na "hali si nzuri" ukamtia presha ya kusubiri. Kisha mpe kitu cha kufanya, maana anayefiwa mtu wa mbali hana jeneza la kubeba. Sisi tuliita watu sita tukasoma khitma barazani, yeye akiwa mwenye msiba, watu wakimpa mkono wa pole. Alikaa wima siku ile kuliko nilivyomwona mwaka mzima.

Kuna hali moja tu ya kunyamaza. Mzee ambaye kumbukumbu zimemtoka kweli, na kila ukimwambia fulani kafa anaupokea msiba upya na kulia upya, huyo mwambie mara moja tu, akiuliza tena muulize yeye: alikuwa mtu wa namna gani?

Akisema Mungu kamsahau

Atasema. Usimkemee "usiseme hivyo babu", maana ukimfunga mdomo hapo hatakwambia na linalouma. Muulize: leo nini? Mara moja ilikuwa ukucha wa kidole gumba umeingia nyamani. Mara nyengine alikuwa hajapata choo siku nne. Kama halali usiku, hali chakula, na hataki hata kahawa kwa wiki mbili, hiyo huzuni inatibika, mpeleke kwa daktari.

Na mara nyengine hana ugonjwa wowote, anasema kweli tu. Masheikh wetu wanatufundisha kuomba umri mrefu wenye kheri, na wanatufundisha pia kuomba kinga na ardhali-l-umri, ule umri wa kudhalilika ambao mtu hurudi kuwa hajui alichokuwa anakijua. Babu anaziomba zote mbili, moja baada ya nyengine, kwa pumzi moja. Siku hizo mimi nakaa tu, nampikia kahawa.

Mwezi uliopita nilimpeleka Changuu. Alitaka. Tulingoja bahari shwari, tukamfunga koti la kuokolea juu ya kanzu, na kule ufukweni vijana wawili wakamteremsha kwa kiti cha plastiki, maji ya magoti. Nikamweka mbele ya kobe mmoja mkubwa, nikampa fungu la mchicha. Kobe akanyoosha shingo, akala mkononi mwake polepole, wote wawili macho yanatiririka maji.

"Kimeandikwa nini hapo mgongoni?"

Nikamsomea.

Akaitazama ile namba muda. "Kumbe rahisi hivyo," akasema. "Na mimi niandikeni, yule karani asinisumbue."