RT si RTE: mabango ya taa kwenye barabara za Marekani

Kwa mnaoanza kuendesha Marekani, hasa mlioingia kwenye malori: bango la taa juu ya barabara kuu hubeba mistari mitatu tu kwa kawaida, kwa hiyo maneno hunyofolewa irabu. RT LN BLKD ni leni ya kulia imezibwa. SHLDR ni ukingo wa barabara. XING ni mahali pa kuvukia barabara (mimi nilidhani ni mji wa Wachina).

Kinachoponza wengi ni RT na RTE. RT ni kulia, RTE ni barabara yenye namba. Ukichanganya, utahama leni bure.

Halafu kuna NB, SB, EB na WB: kuelekea kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Hapa usiamini dira wala jua, fuata kibao cha barabara yenyewe. Pale Berkeley, California, kipande kimoja cha lami kimeandikwa I-80 (I ni Interstate, barabara kuu ya kitaifa) Mashariki na papo hapo I-580 Magharibi, na gari lako kwa kweli linaelekea kaskazini! Kwa hiyo kabla hujawasha gari, kariri namba ya barabara pamoja na upande wake ulioandikwa. Ukiona ajali imetangazwa EB nawe uko WB wa barabara hiyohiyo, iko upande wa pili.

Bango likibadilika ukilisoma, ujumbe una kurasa mbili. Punguza mwendo kidogo ikiwa nyuma kuko salama, usome zote, lakini usisimame.