Namna ya Kuandaa Sampuli ya Chuma Kilichochomelewa kwa Uchunguzi wa Darubini

Anayechunguza chuma chenye nguvu ya juu kilichochomelewa hana budi kuilinda sampuli isipate joto la pili, kwa kuwa martensiti, yaani muundo mgumu wa fuwele unaotokea chuma kikipozwa haraka, ambao ndio hasa unaokipa chuma hicho nguvu, huanza kubadilika katika joto lisilofika hata nyuzi 200 za Selsiasi. Sampuli iliyoungua wakati wa kukatwa haitoi ushahidi wowote wa kuaminika kuhusu uchomeleaji.

Kata ukiukingama mshono, kwa diski inayopozwa na maji mfululizo, na usiisukume kwa nguvu. Kipande kiwe na mshono wenyewe, ukanda ulioathiriwa na joto, na chuma cha awali kisichoguswa. Uso ukigeuka samawati au kahawia, kata upya. Kisha kifunge kipande ndani ya resini inayoganda bila kupashwa moto, maana mashine za kugandisha kwa joto hufika nyuzi 150 au zaidi.

Sugua kwa msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 1200, ukiizungusha sampuli robo mzunguko kila unapobadili msasa, na usiendelee mpaka mikwaruzo ya msasa uliotangulia imetoweka yote. Malizia kwa almasi ya mikroni 3, halafu 1. Chuma kilichopakwa zinki kinahitaji uangalifu zaidi: maji huacha madoa juu ya zinki, hivyo katika hatua za mwisho tumia kilainishi cha alkoholi na ukaushe papo hapo.

Tazama tabaka la zinki kabla ya kutia asidi ya kudhihirisha muundo wa chuma, kwa sababu huliwa haraka kuliko chuma. Baada ya hapo andaa mililita 2 za asidi ya nitriki katika mililita 98 za ethanoli, ukimimina asidi ndani ya alkoholi kidogo kidogo, penye kivuta hewa, ukiwa umevaa miwani na glavu. Mchanganyiko huu usiufungie kwenye chupa iliyokazwa. Sekunde chache zinatosha: mng'ao ukififia na kuwa kijivu, suuza kwa alkoholi.

Anza na ukuzaji mdogo. Karibu na mshono utaona chembe kubwa za fuwele, lakini mahali ninapopasisitiza zaidi ni pale joto lilipokaribia nyuzi 700 bila kuzivuka, kwani hapo martensiti hulainika na ugumu hushuka. Thibitisha kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, ambacho hukandamiza ncha ya almasi juu ya uso na kuacha alama, ukitenganisha alama hizo kwa angalau mara tatu ya ulalo wa alama moja.

Zinki huchemka kwa nyuzi 907, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1500. Kwa hiyo vitundu vya mviringo ndani ya mshono mara nyingi ni mvuke wa zinki ulionaswa. Ufa unaofuata mipaka ya chembe na wenye zinki ndani yake ni jambo jingine kabisa: hapo zinki ya kimiminika ilipenya chuma kikiwa katika mkazo, na dawa yake ni kupunguza joto na mkazo huo.