Kitalu nyumba cha mtumba: kukibomoa, kukisafisha na kukisimamisha upya ughaibuni

Tangazo huwa fupi: kitalu nyumba cha vioo, bure, anayekitaka aje akibomoe mwenyewe. Katika nchi za baridi matangazo ya namna hii hayaishi. Mwenye bustani amezeeka, au nyumba imeuzwa, au watoto wanataka nafasi ya kucheza mpira, na grinihausi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi sasa inatafuta wa kuiondoa. Kwa sisi tuliozoea udongo unaopandwa karibu mwaka mzima, hiyo ni bahati isiyopaswa kupita hivihivi. Ila bure hiyo ina jasho lake, na jasho lenyewe halitokei pale wengi wanapolitazamia. Uchafu hautishi, kwani maji na sabuni huumaliza. Kinachowashinda watu ni kubomoa bila mpangilio, kisha kusimamisha juu ya msingi usio sawa.

Kabla hujasema ndiyo

Kama umepanga nyumba, zungumza kwanza na mwenye nyumba, na ruhusa yake iwe ya maandishi. Maneno ya mdomoni husahaulika siku ya kudai amana. Uliza pia halmashauri ya eneo lako kama kuna masharti ya urefu wa kibanda au umbali wake na mpaka wa jirani. Na ujue mabomba ya gesi na nyaya za umeme zinapita wapi chini ya ardhi kabla ya kuchimba hata shimo dogo.

Ukifika kwa mwenye kitalu nyumba, usianze na vioo, anza na fremu. Simama kwenye kona moja, funga jicho moja, utazame mgongo wa paa hadi mwisho wake. Ukiona umebonyea katikati au umepinda kama upinde, shukuru na uondoke. Unga mweupe juu ya alumini ni kutu yake ya kawaida, hauli chuma hadi ndani. Kwa fremu ya mbao, chomeka ncha ya bisibisi kwenye nguzo karibu na ardhi. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza. Rangi ya zamani kwenye mbao inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu ukavuta vumbi lake.

Vioo ni vya aina mbili. Kioo cha kawaida cha bustani huwa na unene wa milimita 3 na kikivunjika hutoa vipande virefu vikali. Kioo kilichoimarishwa kwa moto kwa kawaida huwa na muhuri mdogo kwenye kona, na kikivunjika husambaratika kuwa chembe. Cha kwanza fundi wa vioo anaweza kukikata upya, cha pili hakikatiki kabisa. Nyumba yenye watoto wadogo ningeweka polikaboneti, yaani mbao za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwenye safu za chini, hata kama vioo vyote vimekamilika. Sioni sababu ya kubishana juu ya hilo.

Muulize mwenyewe jina la kampuni na modeli, na kama bado ana karatasi ya maelekezo. Vipuri vya modeli nyingi za zamani bado vinapatikana, lakini bila jina utakuwa unapapasa gizani.

Kubomoa

Chagua siku kavu isiyo na upepo. Vaa glavu nene, miwani ya kazi na viatu vilivyofunika vidole. Watu wawili ndio kima cha chini. Kipande kimoja cha kioo cha sentimita 61 kwa 61 hakifiki kilo 3, lakini vioo vyote vya kitalu nyumba kidogo cha futi 6 kwa 8 kwa jumla vinapita kilo 100.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha: kila kona, kila kiungo, mlango, dirisha la paa, na jinsi klipu zilivyokaa. Pima upana na urefu wa fremu ya chini, kisha pima ulalo, yaani kutoka kona hadi kona ya upande wa pili, mara zote mbili. Andika. Vipimo hivyo ndivyo utakavyojengea msingi, maana ukubwa unaotajwa kwenye tangazo mara nyingi hutofautiana na fremu yenyewe kwa sentimita kadhaa. Halafu bandika namba kwenye kila chuma kwa utepe wa karatasi na kalamu isiyofutika.

Vioo hutoka kwanza, fremu baadaye. Klipu za waya zenye umbo la W zina spring, na zikifyatuka huruka kuelekea usoni. Ndiyo kazi ya ile miwani. Kwenye paa anza na kioo cha juu, kwa sababu hicho ndicho kilicholalia cha chini yake, na klipu ndogo zenye umbo la S au Z ndizo zinazovishikanisha. Usiikanyage fremu hata kama inaonekana imara.

Kioo husafirishwa kikiwa kimesimama kwa ukingo wake, kimeegemea kitu kigumu, na gazeti kati ya kimoja na kingine. Ukikilaza, tuta moja la barabarani linatosha.

Nati zilizoganda zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, usiku uliotangulia ikiwezekana. Zikikataa, zungusha kwa nguvu hadi bolti ikatike. Bolti mpya ni bei ya kutupa, na kupoteza nusu saa kwa kila moja hakuna faida. Kama gari ulilokodi ni kubwa, usitenganishe kila kitu. Kuta za mbele na nyuma zibebe zikiwa nzima na utaokoa siku ya kazi.

Kusafisha kikiwa vipande

Wengi huwa na hamu ya kukiona kimesimama, wakasema watakisafisha baadaye. Mimi nasema safisha kikiwa kimelala. Kikishasimama, zile sehemu zinazoficha wadudu na ukungu hutazifikia tena.

Tazama kioo kilichotoka kwenye paa. Katikati kimefifia kidogo tu, lakini kwenye ukingo, pale kilipolaliwa na mwenzake, kuna mstari wa sentimita 1 hivi, wa kijani iliyoiva hadi kuwa nyeusi. Huo ni mwani uliokaa kwenye unyevu miaka yote bila kuguswa. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, subiri dakika chache, kisha ukwangue kwa kipande cha plastiki ngumu. Kile kibao chembamba cha plastiki cha kuandikia majina ya miche kinafaa sana, na kioo kikishawekwa tena, ndicho kitakachoingia kwenye mwanya huo kila mwaka. Madoa meupe ya chokaa ya maji huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji.

Fremu inataka subira zaidi. Vyuma vinavyoshika vioo vina mifereji, na mifereji hiyo imejaa kuvumwani, udongo, majani yaliyooza na mabaki ya mpira. Ng'oa mpira wote wa zamani. Ukiwa umekakamaa na kupasuka, hautazuia maji wala kushika kioo, kwa hiyo nunua mpya. Kwangua mifereji kwa kijiti, pitisha mswaki wa zamani, kisha suuza kwa maji ya presha ndogo. Usitumie brashi ya waya kwenye alumini. Humo kwenye nyufa ndimo utitiri mwekundu hujificha wakati wa baridi, ukisubiri joto lirudi ushambulie nyanya na matango yako. Mtu akikuambia alikiacha kitalu nyumba chake kwa sababu kila mwaka majani yalikuwa yanageuka manjano yenye vidoti na utando mwembamba, jua anakupa na wadudu.

Baada ya sabuni, na si kabla, ndipo dawa ya kuua vijidudu inapofanya kazi, maana juu ya uchafu haina nguvu. Inayouzwa kwa ajili ya bustani ni bora. Ukitumia jiki, changanya kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, paka, acha kwa dakika 10, kisha suuza kwa maji mengi, kwa kuwa ikiachwa hula alumini. Na hapa niseme kwa sauti: jiki na siki visikutane. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kama ulitumia siki kwenye vioo, suuza kabisa na uache vikauke kabla ya kuleta jiki karibu.

Polikaboneti ni hadithi nyingine. Sabuni laini, maji na kitambaa basi. Brashi ngumu na viyeyusho huikwaruza na kuitia ukungu usiotoka. Kama mwani umeingia ndani ya vile vijitundu vyake virefu, pitisha maji kwa mpira wa bustani na uuache ubao usimame ukauke. Baadhi hautatoka, vumilia.

Meza na sinia za miche nazo zioshwe hivyohivyo. Udongo wa zamani uliomo kwenye vyungu ubaki ulikotoka.

Mahali na msingi

Aliyekulia karibu na ikweta hafikirii sana jua linapita wapi, kwa sababu mchana liko utosini. Huku mambo ni tofauti. Kwenye latitudo ya 52 hivi, siku fupi kuliko zote, jua la mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo. Maana yake ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha zaidi ya mita 7. Eneo lililojaa mwanga mwezi wa saba linaweza kuwa gizani mwezi wa kumi na mbili. Kaskazini mwa ikweta jua hilo hukaa kusini, na kusini mwa ikweta hukaa kaskazini, kwa hiyo upande huo uwe wazi. Kama unataka mwanga wa kuoteshea miche mwanzoni mwa mwaka, mgongo wa paa uelekee mashariki na magharibi. Kama ni mazao ya kiangazi tu, mwelekeo usikunyime usingizi. Kaa mbali na miti, na mlango usitazame upepo unakotoka mara nyingi.

Kwenye msingi usiharakishe. Jamvi zima la zege ni imara, lakini aliyepanga nyumba atalia siku ya kuhama. Vigae vya saruji vilivyopangwa kuzunguka ukingo juu ya kokoto iliyoshindiliwa vinatosha kwa kitalu nyumba kidogo, na huondoka navyo. Weka pimamaji pande zote, kisha kona hadi kona. Halafu skwea: pima milalo miwili, na kama haijalingana, sukuma kona hadi ilingane. Fremu yenye futi 6 kwa 8 kamili ina ulalo wa futi 10 kamili, na kwa vipimo vingine unatumia namba ulizoandika siku ya kubomoa. Fremu ikikaa kombo hata kidogo, mlango utakwama, kioo cha mwisho kitakataa kuingia, na siku ya upepo kile kilicholazimishwa ndicho kitakachopasuka.

Funga fremu kwenye msingi kwa bolti. Kitalu nyumba kisichofungwa upepo hukiinua.

Kusimamisha

Kuna jambo dogo linalokera mafundi wa mara ya kwanza. Bolti nyingi za fremu za alumini zina kichwa cha mraba kinachoteleza ndani ya mfereji wa chuma. Ukishaunganisha ncha za chuma, mfereji umefungwa, na bolti uliyoisahau haina mlango wa kuingilia. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, hesabu bolti zote ambazo chuma hicho kitahitaji, za nguzo, za rafu na za mshazari, uziteleze ndani, na uongeze moja au mbili za akiba. Zilizokatwa pembeni huingizwa popote kisha zikazungushwa, nazo ni vizuri kuwa nazo mfukoni.

Kaza nati kwa vidole tu hadi fremu yote isimame, kisha pima skwea tena, ndipo ulete spana. Usikaze kupita kiasi, alumini ni laini.

Vioo vianzie chini kwenda juu, ukibadilishana pande ili uzito usilalie upande mmoja. Anza asubuhi na hakikisha vyote vimeingia siku hiyohiyo, maana nyumba yenye vioo nusu hunasa upepo na haina pa kuutolea. Ukiona giza litakukuta, afadhali usianze. Polikaboneti ina upande wenye kinga ya jua, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi ya juu. Huo utazame nje, na vijitundu vyake visimame wima ili unyevu ushuke.

Usisahau hewa. Eneo la madirisha ya paa likikaribia asilimia 20 ya eneo la sakafu, uko salama, na vitalu nyumba vingi vya mtumba havifiki hapo. Ongeza dirisha au luva, yaani dirisha la vibao vinavyofunguka. Kuna kifaa kinachofungua dirisha chenyewe, nacho hakihitaji umeme. Ndani yake kuna nta inayotanuka ikipata joto na kusukuma mkono. Kama ni cha zamani, kiweke kwenye maji ya moto kiasi uone kama kinasogea, kabla ya kukipanda paani.

Usipande siku ya kwanza. Subiri mvua moja nzito ipite, uingie ndani utazame maji yanadondoka wapi: mara nyingi ni kwenye mgongo wa paa au kioo kilichoshuka kidogo kwa kukosa klipu. Weka kipimajoto kinachotunza rekodi ya juu na ya chini kabisa, kwenye kivuli na usawa wa mimea, ukisome asubuhi kwa wiki nzima. Kikionyesha usiku umeshuka chini ya nyuzi 0, miche ya nyanya na pilipili ibaki dirishani sebuleni, na kazi ya kuweka plastiki ya mapovu kwenye kuta ianze.