Jinsi ya kupanga orodha ya jina moja la ukoo, mfano Mwinyi

Juzi, kwenye dawati letu la habari hapa Dar, nilikuwa namwelekeza mwanafunzi wa fildi jinsi ya kupanga orodha ya watu na vitu vyenye jina moja ili visichanganywe, nikaona heri niandike kabisa, maana swali hili haliishi.

1. Kusanya. Andika kila chenye jina hilo: watu, barabara, viwanja. Tumia daftari. Jedwali la kompyuta litakudai safu kabla hujajua unahitaji zipi.

2. Chuja. Mwinyi Zahera, aliyeinoa Yanga kuanzia 2018 hadi 2019, hilo ni jina lake la kwanza. Mwinyi Mkuu wa kule Dunga, Unguja, ni cheo. Usiwafute, washushe chini kabisa penye "Tazama pia", kwani wapo watakaokuja kuwatafuta.

3. Tenganisha watu. Hapa ndipo kwenye kazi. Wengi hukimbilia cheo: "Rais Mwinyi". Yupi? Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Muungano kuanzia 1985 hadi 1995, na mwanawe Hussein ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Utasema basi tuongeze "wa Zanzibar". Wapi! Baba naye aliiongoza Zanzibar kuanzia 1984 hadi 1985, kabla hajahamia Ikulu ya huku bara. Haya, "Waziri wa Afya"? Wizara hiyo wameishika wote wawili, baba miaka ya 1970, mwana kuanzia 2012 hadi 2014.

Kwa hiyo tanguliza mwaka, cheo kifuate. "Hayati" nalo lisikuteke: baba amefariki 29 Februari 2024, magazeti yote ya nyuma yanamtaja kama mtu aliye hai. Mimi naamini lakabu kuliko vyeo. Ukikuta "Mzee Rukhsa", huyo ni baba, hakuna ubishi. "Dk." ni ya mwana, ambaye ni daktari wa tiba. Ila "Mwinyi mkubwa" na "Mwinyi mdogo" sitaki kuviona kwenye orodha yangu.

4. Vitu. Jina kamili na mji, basi. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Dar es Salaam (ile ya Daraja la Selander). Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora.

5. Jaribu. Mpe orodha mtu asiyeijua, umsomee kichwa cha habari cha kubuni: "Rais Mwinyi ateua mawaziri Zanzibar, 1984". Akisema Hussein, rudi hatua ya 3.